MRI ya moyo, CT, eko au angiografia: kipimo kipi kwa mishipa ya moyo iliyobana?

Mjomba wangu aliendesha malori kati ya Dar es Salaam na Tunduma kwa zaidi ya miaka ishirini na mitano, na hakuna mlima uliomtisha. Mwaka jana akaanza kusimama katikati ya ngazi za nyumbani kwake, mkono kifuani, akisema ni gesi. Daktari alimsikiliza, akampima ECG (kipimo cha umeme wa moyo) akiwa amelala, ikatoka ya kawaida. Kisha akaandika karatasi yenye vipimo vitatu vilivyotenganishwa na neno "au". Tukakaa kwenye benchi nje ya chumba cha daktari, karatasi mkononi.

"Mpwa wangu, wewe ndiye unayesoma haya mambo. Kipi hasa?"

Sikuwa na jibu siku ile. Nimeuliza na kusoma sana tangu hapo, na haya ndiyo ningependa mtu angenieleza pale kwenye benchi.

Kwanza lakini: ikiwa kifua kimeanza kubana sasa hivi, kimegoma kuachia kwa robo saa, jasho la baridi linakutoka, au maumivu yanapanda kwenye taya na kushuka mkononi, usisome zaidi. Nenda idara ya dharura. Huko watapima ECG na troponini (kipimo cha damu kinachoonyesha msuli wa moyo umeumia), na habari ya kuchagua kipimo itasubiri. Yanayofuata yanamhusu mtu ambaye kifua hubana anapopanda kilima au kubeba ndoo, kisha hutulia akipumzika.

Mfereji na shamba

Mtu wa Machame au Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro yenye mifereji ya kumwagilia, ataelewa upesi. Ukitaka kujua kama maji yanafika, unaweza kutembea kando ya mfereji ukitafuta mahali udongo ulipoporomoka. Au unaweza kwenda moja kwa moja kwenye migomba ukaangalia ipi imenyauka. Hayo ni maswali mawili tofauti. Mfereji unaweza kuwa na udongo kidogo na migomba ikashiba vizuri tu. Tena mfereji mkubwa unaweza kuwa safi kabisa na shamba likawa na kiu, kwa sababu vijito vya mwisho, vile vyembamba visivyoonekana, vimeshindwa kazi.

Mishipa ya korona, ile inayoulisha moyo wenyewe damu, ndiyo mfereji. Msuli wa moyo ndio shamba. CT (picha ya eksirei inayojengwa na kompyuta) na angiografia (eksirei ya mishipa kupitia mrija) hutazama mfereji. MRI (picha ya sumaku), eko ya msongo (picha ya mawimbi ya sauti) na skani ya nyuklia (picha ya dawa yenye mionzi) hutazama shamba. Na shamba halikaguliwi asubuhi ya masika, hukaguliwa saa saba mchana, jua likiwaka. Ndiyo maana ECG ya mjomba ilikuwa nzuri akiwa amelala: moyo uliopumzika unahitaji damu kidogo, na hata mshipa uliobana unaweza kuitosheleza haja hiyo. "Msongo" kwenye majina ya vipimo hivi ndilo hilo jua la mchana, liwe la mazoezi au la dawa.

Vigezo vya kupimia vipimo

Nimevilinganisha kwa mambo matano: kipimo kinaonyesha nini, siku yenyewe mgonjwa anapitia nini, jibu lake linaaminika kiasi gani, kinakwama wapi, yaani kwenye mwili wa mgonjwa au kwenye mashine na pesa, na kinamfaa nani. Kigezo cha kwanza kina uzito kuliko vingine. Watu wengi huanza na bei, na nawaelewa, lakini kipimo cha bei nafuu kinachojibu swali ambalo hukuuliza utakilipia mara mbili.

MRI ya moyo ya msongo

Kinachoonyesha. MRI haina eksirei. Inatumia sumaku yenye nguvu, kawaida Tesla 1.5 au 3, pamoja na mawimbi ya redio. Katika kikao kimoja inatoa mambo matatu. La kwanza ni video ya moyo ukipiga, ambayo madaktari huitegemea kuliko picha nyingine yoyote kupima ukubwa na nguvu ya moyo. La pili ni damu inavyoingia msulini wakati wa msongo: mgonjwa hupewa dawa ya kupanua mishipa, mara nyingi adenosini, kisha gadolini, dawa ya kuonyesha picha, hupitishwa kwenye mshipa wa mkono. Msuli unaopata damu huwaka, na sehemu yenye njaa hubaki nyeusi. La tatu ni kovu. Baada ya dakika kumi hivi, sehemu iliyokufa huwa bado imeishikilia gadolini, na kwenye picha inang'aa nyeupe.

Hilo la kovu ndilo linalonivutia zaidi, kwa sababu linaamua mambo mazito. Mwaka 2000, Raymond Kim na wenzake huko Chicago walipiga picha wagonjwa 50 kabla ya kuzibuliwa mishipa, kisha wakaangalia baadaye ni sehemu zipi za msuli zilizorudia kazi. Kati ya sehemu dhaifu zisizo na kovu, asilimia 78 zilipata nguvu. Pale kovu lilipokula zaidi ya robo tatu ya unene wa ukuta, ni sehemu moja tu kati ya 58 iliyoamka. Kwa hiyo, kabla ya kumfungua mtu kifua au kumwekea stenti (kimrija cha waya kinachoshikilia mshipa wazi), inawezekana kujua kama mgomba umelala kwa kiu au umeshakauka mizizi. Hata mahali kovu lilipo pana maana: kovu la mshtuko wa moyo huanzia upande wa ndani wa ukuta, lakini la uvimbe wa msuli unaoletwa na virusi mara nyingi hukaa katikati au upande wa nje.

Lisiloonyeshwa na MRI lisemwe wazi pia. Utando wa mafuta ambao umeanza kujijenga ukutani mwa mshipa lakini bado haujazuia damu, MRI ya msongo haiuoni. Picha nzuri ya shamba si cheti cha usafi wa mfereji.

Siku yenyewe. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nilikuwepo. Dada wa radiolojia alianza na maswali.

"Mzee, una betri ya moyo? Chuma chochote mwilini? Uliwahi kuchomelea vyuma?"

Mjomba akacheka. "Mwanangu, chesisi ngapi nimezichomelea mimi porini."

"Ulivaa miwani?"

Hakuvaa. Basi akapelekwa kwanza kupigwa eksirei ya macho, kwa kuwa kipande kidogo cha chuma kilichojificha jichoni kinaweza kuvutwa na ile sumaku. Hilo nisingelijua kamwe. Akaulizwa pia kuhusu kahawa, chai, soda ya kola, chokoleti na vidonge vya maumivu vyenye kafeini kama Panadol Extra. Kafeini hukalia mlango uleule ambao adenosini huingilia, hivyo kikombe kimoja cha kahawa ya barazani alfajiri kinaweza kuharibu kipimo kizima. Vituo vingi hutaka uviache saa 24 kabla.

Ndani alivalishwa vizuia kelele, akalazwa, akawekewa fremu kifuani na kukabidhiwa kipira cha kubonyeza akizidiwa. Mashine inagonga kama fundi bati. Sauti ilikuwa inamwongoza kwenye spika: "Vuta pumzi. Toa. Usivute, kaa hivyohivyo." Sekunde kumi, kumi na tano, tena na tena. Adenosini ilipoingia aliambiwa kifua kitakuwa kizito kama cha mtu aliyepanda ngazi mbio, na kikawa hivyo. Dawa hiyo huisha mwilini kwa sekunde chache baada ya kufungwa. Alitoka baada ya dakika hamsini, shati limeloa, analalamikia kelele tu.

Linavyoaminika. Utafiti wa CE-MARC wa mjini Leeds, uliochapishwa mwaka 2012, uliwapima wagonjwa 752 kwa MRI na kwa skani ya nyuklia, wakatumia angiografia kama mwamuzi. MRI iliwanasa asilimia 86.5 ya waliokuwa na mishipa iliyobana; nyuklia ikawanasa asilimia 66.5. Katika kuwaachia wasio na tatizo, vyote viwili vilikaribiana, takriban asilimia 83. Mwaka 2019 ukaja MR-INFORM, wagonjwa 918: kundi moja liliongozwa na MRI, jingine likaenda moja kwa moja kwenye angiografia yenye waya wa kupima shinikizo. Baada ya mwaka mmoja madhara makubwa yalilingana, asilimia 3.6 na 3.7, ingawa zaidi kidogo ya nusu ya waliopitia MRI hawakuhitaji kabisa kuingiziwa mrija.

Kinapokwama. Betri za zamani za moyo na baadhi ya klipu za ubongoni huzuia MRI, ila stenti za moyo hazizuii. Betri nyingi mpya zinaruhusu, mradi zirekebishwe kabla na baada. Mwenye pumu kali asipewe adenosini, ingawa anaweza kupewa dobutamini, dawa inayoukimbiza moyo, badala yake. Mwenye figo zilizochoka sana, uchujaji ukiwa chini ya mililita 30 kwa dakika, lazima aijadili gadolini na daktari kwanza. Asiyeweza kulala chali, asiyeweza kubana pumzi, mwenye hofu ya kufungiwa na mwenye mapigo yanayorukaruka ovyo watapata shida. Kisha kuna suala la upatikanaji: hospitali nyingi katika Afrika Mashariki zina MRI ya ubongo na uti wa mgongo, ila kupiga picha ya kiungo kinachorukaruka kunahitaji programu yake, vifaa vyake na msomaji aliyefunzwa. Kuwa na mashine hakutoshi.

Anayefaidika. Aliyewahi kupata mshtuko wa moyo, mwenye moyo dhaifu usiojulikana chanzo, mwenye chokaa nyingi (kalsiamu iliyoganda) kwenye kuta za mishipa, na yule ambaye eko yake haionekani vizuri.

CT ya mishipa ya moyo

Kinachoonyesha. Mfereji wenyewe, pamoja na kuta zake. Ndicho kipimo pekee kati ya hivi kisichoingiza mrija moyoni kinachoonyesha utando wa mafuta kabla haujaziba kitu.

Siku yenyewe. Ni fupi. Unapewa dawa ya kupunguza kasi ya mapigo, yashuke hadi 60 hivi kwa dakika, na dawa ya kupanua mishipa chini ya ulimi. Mwanaume aliyetumia Viagra au dawa za jamii hiyo siku za karibuni aseme bila haya, maana zikikutana na hiyo ya chini ya ulimi presha inaweza kuporomoka. Dawa ya kuonyesha yenye iodini inaingia, mwili unapata joto la ghafla, unabana pumzi, na picha imekwisha ndani ya sekunde.

Linavyoaminika. CT ikisema mishipa ni safi, amini. Ikisema umebana, ngoja kwanza, kwa sababu chokaa hung'aa mno na kufanya tundu lionekane dogo kuliko lilivyo. Nchini Scotland, utafiti wa SCOT-HEART uliwafuatilia wagonjwa 4,146 kwa miaka mitano. Kati ya waliopimwa CT, vifo vya ugonjwa huu na mishtuko ya moyo vilikuwa asilimia 2.3, ukilinganisha na 3.9 kwa waliohudumiwa kwa kawaida. Mashine haimponyi mtu. Inayoelekea kuleta tofauti ni kwamba waliokutwa na utando walianzishiwa dawa za kushusha mafuta ya damu, ambazo bila picha wasingezipata. Uingereza imeifanya CT kuwa kipimo cha kwanza katika mwongozo wake tangu 2016.

Kinapokwama. Chokaa nyingi, mapigo yasiyo na mpangilio, stenti nyembamba, figo dhaifu, mzio wa iodini. Mionzi ipo: kwa mashine mpya mara nyingi milisivati (kizio cha mionzi) 2 hadi 5, wakati mtu wa kawaida duniani hupata kama 2.4 kwa mwaka kutoka ardhini na angani.

Anayefaidika. Mtu wa umri wa kati ambaye dalili zake hazieleweki vizuri na hajawahi kugunduliwa na ugonjwa wa moyo. Mara nyingi anachohitaji ni kuondolewa shaka.

Eko ya msongo na skani ya nyuklia

Kinachoonyesha. Vyote viwili hutazama shamba. Eko hutazama ukuta wa moyo unavyosukuma baada ya mazoezi au dobutamini: sehemu yenye njaa inazembea. Nyuklia hutazama dawa yenye mionzi inavyosambaa msulini.

Siku yenyewe. Eko ni jeli kifuani na moyo kwenda mbio kwa dakika kadhaa. Nyuklia inachukua saa nyingi, wakati mwingine siku mbili, na kungoja kwingi katikati.

Linavyoaminika. Eko ni nzuri sana mikononi mwa aliyeizoea, na hapo ndipo ilipo nguvu na udhaifu wake, kwa kuwa jibu linategemea jicho la mtu. Nyuklia ina udhaifu wa aina yake: mishipa yote mitatu ikibana kwa pamoja, msuli wote unafifia sawasawa na picha inaweza kudanganya. Kwa wanawake, matiti huweza kutupa kivuli kinachofanana na ugonjwa, na katika CE-MARC pengo kati ya MRI na nyuklia lilikuwa pana zaidi kwao.

Kinapokwama. Eko: mwili mnene, au mapafu ya mvutaji sigara wa siku nyingi, sauti haipiti. Nyuklia: mionzi, karibu milisivati 10 kwa mipango ya kawaida, na vituo vichache.

Anayefaidika. Eko inamfaa mwenye figo mbovu, kwa sababu haihitaji gadolini wala iodini, na aliye mbali na miji mikubwa. Ni nafuu, haina mionzi, na nadhani tunaidharau bure kwa sababu haina mashine ya kutisha. Nyuklia inamfaa mwenye chuma kinachomzuia MRI na ambaye eko haimwoni.

Angiografia ya mrija

Kinachoonyesha. Tundu la mshipa kutoka ndani, kwa uwazi ambao hakuna kipimo kingine kinaufikia. Mason Sones aliigundua kwa bahati huko Cleveland mwaka 1958, dawa ya kuonyesha ilipoingia kwenye mshipa wa korona wa mgonjwa bila kukusudiwa. Inaonyesha tundu, lakini unene wa ukuta na njaa ya msuli haionyeshi, mpaka uongezwe waya wa kupima shinikizo.

Siku yenyewe. Mrija mwembamba hupita kwenye kifundo cha mkono au kwenye kinena, ganzi ya hapohapo, mgonjwa yuko macho. Faida yake kubwa ni kwamba palipobana panaweza kuzibuliwa na kuwekwa stenti kwenye kitanda kilekile.

Linavyoaminika. Bado ndiyo mwamuzi wa mishipa mikubwa.

Kinapokwama. Ni kuingia mwilini. Katika utafiti wa DISCHARGE wa Ulaya, mwaka 2022, matatizo makubwa yaliyotokana na vipimo yalikuwa asilimia 1.9 kwa walioanza na mrija na 0.5 kwa walioanza na CT. CE-MARC 2 nchini Uingereza ilikuta kwamba kwa kufuata mwongozo wa wakati ule, asilimia 28.8 ya wagonjwa walifanyiwa angiografia isiyohitajika. MRI iliishusha hadi 7.5. Na hata ikikuta palipobana, kuzibua si lazima kuwe haraka: utafiti wa ISCHEMIA wa mwaka 2020, wenye wagonjwa 5,179, haukuona kwamba kukimbilia stenti au upasuaji kulipunguza vifo kwa wagonjwa waliotulia kuliko kuanza na dawa, ingawa wenye maumivu ya mara kwa mara walipata nafuu zaidi.

Anayefaidika. Mwenye maumivu yanayozidi licha ya dawa, au ambaye kipimo kingine kimeshaonyesha tatizo kubwa. Dar es Salaam ipo katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Kampala katika Uganda Heart Institute, na Nairobi katika hospitali kadhaa.

Kwa hali yako

Una miaka arobaini na kitu, kifua kinachoma mara huku mara kule, hujawahi kuugua moyo: anza mazungumzo na CT. Ikitoka safi, mtafute mtaalamu wa tumbo au misuli na ulale usingizi wako.

Una figo zilizodhoofika: sema hivyo kabla ya jambo lingine lolote, beba majibu ya kreatinini (kipimo cha damu cha kazi ya figo), na uulizie eko ya msongo.

Ulipata mshtuko wa moyo zamani, sasa moyo umepanuka na mtu anakutajia upasuaji: uliza kama kovu limepimwa. Hapo MRI hustahili hata safari ya kwenda mji mwingine.

Uliambiwa una mshtuko wa moyo lakini angiografia ikakuta mishipa safi: usikubali kurudishwa nyumbani na "hakuna kitu". MRI huweza kueleza kama ulikuwa uvimbe wa msuli, kovu dogo, au kitu kingine.

Una sukari ya miaka mingi na umri umesogea, kama mjomba wangu: uliza kuhusu chokaa. Yeye alikuwa na CT ya zamani ya mapafu iliyoonyesha chokaa tele kwenye mishipa ya moyo, na sigara zake zilikuwa zimeshaiharibu nafasi ya eko. Ndivyo "au" mbili zilivyofutika kwenye karatasi yake. MRI ilionyesha weusi upande wa mbele wa moyo wakati wa msongo, bila kovu hata kidogo. Alianzishiwa dawa, na kifua kilipoendelea kubana akipanda ngazi licha ya dawa, akaenda kwenye mrija akiwa na swali moja linaloeleweka: mshipa wa mbele umebana wapi.

Na kama uko Sumbawanga au Lodwar, na kipimo kipo mwendo wa siku nzima, piga simu kwanza. Usiulize "mna MRI?" Uliza: mnafanya MRI ya moyo yenye msongo, mara ngapi kwa mwezi, nani anasoma picha, na bima yangu inaikubali? Ukitoka huko dai picha zenyewe kwenye CD, si ripoti ya karatasi peke yake, maana daktari atakayefuata atataka kuuona moyo wako ukipiga.